Mashine inaona mfupa, haioni maumivu: kutoka Würzburg hadi Wote

Wadau, leo tuweke kando kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie tarakilishi za aina nyingine (haya, kompyuta, nisije nikagombana na mtu). Ni zile zinazokaa kwenye vyumba vya hospitali vyenye alama ya mionzi mlangoni. Ukikaa Kitui au Wote ukamsikiliza mtu anayeumwa mgongo, hutakaa sana kabla ya kusikia: "Nimeambiwa niende nikapigwe picha." Picha imekuwa kama hukumu ya mahakama. Asiyekuwa nayo anaonekana anajisingizia, na aliyenayo ameshapewa jina la ugonjwa hata kabla hajaambiwa dawa yake ni nini. Imani hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia, na kwa mpenzi wa teknolojia historia hiyo ni tamu.

Tuanze Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Wilhelm Röntgen aliona miale asiyoijua ikipenya karatasi nyeusi na kuangaza ubao uliopakwa kemikali. Akaiita X, herufi ile ile tunayotumia kwenye hesabu kwa kitu kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobeli ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Mwaka huo wa 1895, Kibwezi, ambayo leo iko katika kaunti ya Makueni, ilikuwa na misheni ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka 1891 chini ya Dkt. James Stewart. Reli ilikuwa bado haijafika. Misheni yenyewe ilihamia Kikuyu mwaka 1898. Daktari wa enzi hizo, awe Kibwezi au London, alipotaka kujua kama mfupa umevunjika alikuwa na vidole vyake na sauti ya mgonjwa. Alibonyeza, mgonjwa akapiga kelele, na kelele ile ndiyo ilikuwa kipimo. Shikilia hapo, maana tutaihitaji tena.

Afrika haikungoja muda mrefu kuingia kwenye hadithi hii, ingawa iliingia kwa mlango wa vita. Mwaka 1896 askari wa Kitaliano waliojeruhiwa Ethiopia walipigwa eksirei huko Naples ili kutafuta risasi mwilini. Miaka miwili baadaye, katika vita vya Waingereza nchini Sudan, daktari wa jeshi aitwaye Battersby alipeleka mashine hadi Abadieh, kando ya Mto Naili. Umeme? Hakukuwepo. Alitumia baiskeli ya watu wawili iliyofungwa dainamo, askari wakanyage pedali na betri zichajiwe. (Kila ninapoona bango la uvumbuzi mpya wa kuchaji simu kwa baiskeli huwa namkumbuka.) Katika majeruhi 121 wa Kiingereza, 21 walikuwa na risasi ambazo njia za kawaida zilishindwa kuthibitisha zilipo au kama hazipo. Eksirei ilitoa jibu kwa 20 kati yao. Yule mmoja aliyebaki alikuwa mgonjwa mno, hakuweza kupimwa.

Njia za kawaida zilikuwa zipi? Daktari alichukua chuma chembamba akakiingiza kwenye kidonda na kutafuta risasi kwa kudukuadukua. Kwa hiyo faida kubwa ya mwanzo ya eksirei kwa maumivu ilikuwa kuwaondolea watu maumivu ya kutafutwa ugonjwa. Hilo ni jambo kubwa na linasahaulika.

Linasahaulika zaidi tukifika kwenye ubongo na uti wa mgongo. Eksirei huona mfupa vizuri, lakini nyama, neva na ubongo vyote hutoka kama ukungu wa rangi moja. Mwaka 1919 daktari wa Marekani, Walter Dandy, alikuja na mbinu ya kuingiza hewa mahali pa maji yanayozunguka ubongo, ili hewa ile ionekane nyeusi kwenye filamu na kuchora umbo la ubongo. Mgonjwa aliumwa kichwa vibaya sana, akatapika, na hali hiyo ingeweza kuendelea kwa siku kadhaa. Mbinu hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka 50 kwa sababu hapakuwa na nyingine bora. Kwa mgongo, Wafaransa Sicard na Forestier walianza katika miaka ya 1920 kuingiza mafuta yenye madini ya iodini ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, ili waone yanakwama wapi. Fikiria: unakwenda hospitali kwa sababu unaumwa, halafu kipimo chenyewe kinakuumiza kuliko ugonjwa.

Kisha mwaka 1934 maumivu ya mgongo yakapata mshtakiwa. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walichapisha makala kuonyesha kwamba diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili moja na nyingine, inaweza kupasuka, ikatoka nje na kubana neva, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya maumivu yanayoshuka mguuni kwa baadhi ya watu. Walikuwa sahihi kabisa kuhusu wagonjwa wale. Tatizo ni kwamba kuanzia hapo diski ikawa mshtakiwa wa kila kesi, hata ya kuku aliyepotea.

Sasa tufike kwenye sehemu yetu sisi waandika programu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwalimu wa fizikia Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusaidia kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Akajiuliza swali la kihesabu: nikipitisha mionzi mwilini kutoka pande nyingi na kupima inavyopungua, je, naweza kurudi nyuma na kukokotoa kilichomo ndani, kipande kwa kipande? Alichapisha jibu mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyelijali. Bila kujua kazi hiyo, mhandisi wa kampuni ya EMI huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, aliyekuwa amejenga kompyuta kabla ya hapo, alianza kulijenga jambo lile lile kwa vyuma. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku 9 kukusanya vipimo 28,000, kisha saa mbili na nusu za kompyuta kutengeneza picha moja. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipimwa kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha ilikuwa na pikseli 80 kwa 80, jumla 6,400, ambazo leo hazitoshi hata kwa alama ya programu kwenye simu yako. Lakini uvimbe ulionekana, na hakuna hewa iliyoingizwa kwa mtu. (EMI ndiyo ilikuwa kampuni ya muziki ya The Beatles, na utaambiwa wao ndio waliolipia CT. Msisadiki sana, maana serikali ya Uingereza nayo ilitoa pesa nyingi.)

Kitu ninachokipenda katika CT ni kwamba picha yake ni jedwali la namba tu. Kila pikseli ina thamani kwenye kipimo kilichopewa jina la Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni −1,000, mfupa mgumu unafika +1,000 na kupita. Ukiwa na faili mkononi unaweza kuandika mistari michache ya kodi ukauliza "nipe kila kitu kilicho juu ya 300" na mifupa ikajitokeza peke yake kama miti baada ya moto wa nyika.

Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa Nobeli ya tiba. Mwaka huo huo Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilitoa tafsiri rasmi ya maumivu ni nini, na baadaye kikairekebisha mwaka 2020. Kwa ufupi, chama kilisema maumivu ni hali mbaya ya kuhisi, ya mwili na ya moyo pia, inayoambatana na madhara ya mwili au inayoelezwa kana kwamba madhara hayo yapo. Soma polepole: kana kwamba. Maana yake mtu anaweza kuumwa kweli bila kitu kuonekana kimeharibika. Kwa hiyo mwaka mmoja ulitupa mambo mawili: mashine inayogeuza mwili kuwa namba, na tafsiri inayosema kwamba kitu tunachokitafuta hakimo kwenye namba hizo.

MRI ilikuja ikaongeza utamu. Inatumia sumaku kali na mawimbi ya redio, bila mionzi, na inaonyesha diski na neva waziwazi kiasi cha kushangaza. Lauterbur na Mansfield, waliofanya kazi yake ya msingi katika miaka ya 1970, walipata Nobeli mwaka 2003. Diski sasa ilionekana vizuri, na kila mtu akaanza kuitafuta.

Halafu mwaka 1994 ulikuja utafiti uliopaswa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha kusubiri. Jensen na wenzake waliwapiga MRI ya mgongo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Wazima! Matokeo: 52 kwa kila 100 walikuwa na diski iliyovimba nje angalau sehemu moja, na 27 kwa kila 100 walikuwa na diski iliyochomoza. Walioonekana na diski safi kila mahali walikuwa 36 tu kwa kila 100. Tafsiri ya mhandisi: kipimo kinachotoa jibu la "ndiyo" kwa theluthi mbili za watu wasio na tatizo hakiwezi peke yake kusema kitu kuhusu mwenye tatizo. Na mwaka 2009 uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet ulikusanya majaribio 6 yenye wagonjwa 1,804 wa maumivu ya mgongo wasio na dalili za ugonjwa mzito. Waliopigwa picha mara moja hawakupona vizuri zaidi kuliko wasiopigwa.

Tuzitoe habari hizi London na Boston tuzilete Ukambani.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, kubwa kuliko Rwanda. Ni nchi kavu, na kazi zake ni za mgongo. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na mama anaubeba mgongoni kutoka kwenye mto wa mchanga mpaka nyumbani kwenye mwinuko. Matuta ya "fanya juu" yanayosifiwa na wataalamu wa udongo duniani kote yalichimbwa kwa mikono, na vikundi vya mwethya, udongo ukitupwa upande wa juu wa mteremko. Jaribu siku moja kutupa udongo kwenda juu uone ni wapi panauma jioni. Kwa watu hawa maumivu ya mgongo si jambo la kushangaza, na mara nyingi sababu yake haihitaji sumaku ili ijulikane.

Kwa miaka mingi huku mgonjwa aliyehitaji CT au MRI alipanda gari kwenda Nairobi. Kisha mwaka 2015 serikali kuu ikasaini mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, mkataba wa miaka 7: hospitali 98 nchini, angalau mbili kila kaunti, bajeti ya mwanzo shilingi bilioni 38. Sehemu ya eksirei, altrasaundi na mashine za kupima matiti ilikwenda kwa GE. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye kiasi hicho kikapanda hadi milioni 200. Seneti iliunda kamati maalum mwaka 2019, chini ya Seneta Fatuma Dullo, na ripoti ya 2020 ililaumu vikali jinsi mpango ulivyoendeshwa. Kuna mahali mashine zilifika kabla ya umeme wa kutosha au kabla ya mtu wa kuziendesha. Jambo hili linafahamika kwa yeyote aliyewahi kuona maabara ya kompyuta ya shule iliyofungwa kufuli.

Lakini haki itendeke. Kabla ya hapo hospitali nyingi za wilaya zilitegemea eksirei za filamu zilizochoka, na kuja kwa eksirei za kidijitali kuliokoa watu. Makueni nayo ilifanya jambo lake: kuanzia mwaka 2016, chini ya gavana Kivutha Kibwana, mpango wa MakueniCare ulimwezesha mwenye nyumba kulipa shilingi 500 kwa mwaka na familia yake ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Makindu iko kwenye barabara ya Mombasa. Mtu akitolewa kwenye gari lililobingirika hapo, picha si anasa. Ni lazima ujue kama shingo imevunjika kabla ya kuigeuza.

Kuna maumivu mengine mengi ambayo picha ndiyo inayoyamaliza. Mawe ya figo, kwa mfano, ambayo watu wa nchi ya joto wanaokunywa maji kidogo wako hatarini kuyapata: altrasaundi, isiyo na mionzi, mara nyingi inatosha kuanza nayo. Na kuna moja ambalo miongozo ya Ulaya huligusa kwa mstari mmoja lakini hapa kwetu lina uzito: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779. Kinakula pingili polepole, mgongo unaanza kupinda, na mwisho miguu inaweza kupooza. Mwanzoni kinafanana kabisa na maumivu ya kubeba mitungi. Tofauti ni kwamba mtu anapungua uzito, ana homa, anatoka jasho usiku, na maumivu hayapungui hata akilala. Huyo anahitaji picha, na haraka. Vivyo hivyo aliyeanguka kwa nguvu, au aliyewahi kuwa na saratani. Na yule anayehisi ganzi katikati ya mapaja, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu imelegea ghafla, asingoje kesho. Hospitali ni leo leo.

Sasa tazama faili lenyewe, maana hapo ndipo ninapoona jambo hili kwa macho ya kazi yangu. Picha zote hizi huhifadhiwa kwa kanuni iitwayo DICOM, iliyotoka kwa jina hilo mwaka 1993 baada ya toleo la kwanza la 1985 lililokuwa na jina lingine. Kipande kimoja cha CT kina pikseli 512 kwa 512, baiti 2 kila moja, yaani nusu megabaiti. Vipande 300 ni megabaiti 150. Kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde, mtaalamu wa Nairobi ataipata baada ya dakika kama 10. Ndani ya faili kuna nafasi ya jina la mgonjwa, unene wa kipande, umbali kati ya pikseli, nguvu ya umeme wa mashine, maelfu ya vitu. Maumivu yakiingia, huingia kama maandishi huru ambayo mtu ameyachapa kutoka kwenye karatasi ya daktari. Mara nyingi ni maneno matatu: "maumivu ya mgongo." Mtaalamu aliye mbali hajui ni ya wiki mbili au miaka miwili, kama yanashuka mguuni, mguu upi, kama kuna homa. Anapewa megabaiti 150 za umbo na baiti kama 18 za mgonjwa. Ataandika alichokiona: diski imevimba. Bila shaka imevimba, kumbuka wale wazima wa 1994.

Wapo wanaosema tatizo ni mashine tu, tungoje iliyo bora. Tangu Seiji Ogawa aonyeshe mwaka 1990 jinsi MRI inavyoweza kufuatilia oksijeni ya damu kwenye ubongo, watu wametafuta maumivu humo, na mwaka 2013 Tor Wager na wenzake walionyesha muundo wa shughuli za ubongo uliotabiri maumivu ya joto kwa watu wazima wenye afya. Kazi nzuri sana. Lakini mwaka 2017 jopo la chama kile kile cha maumivu lilionya kwamba picha za ubongo zisitumike kama mashine ya kuamua nani anasema kweli kuhusu maumivu yake. Na tuseme ukweli, mtu wa Tseikuru hangojei hilo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pesa. NHIF iliondoka na SHA ikachukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, na mpango wa vifaa uliofuata ule wa 2015 unalipa mwenye mashine kwa kila huduma, badala ya ada ya mwaka. Naona mantiki yake, kwa kuwa mashine iliyolala haimlipi mtu, basi itatengenezwa. Lakini upande wa pili ni kwamba kila mgongo unaoingia chumbani ni malipo, na migongo inayouma Kitui na Makueni haiwezi kuisha. Mfumo wa kompyuta wa bima unaweza kuuliza maswali manne kabla ya kukubali picha ya mgongo: maumivu ni ya muda gani, kuna homa au kupungua uzito, kuna ganzi au udhaifu wa miguu, mtu aliumia. Kuuandika si kazi ya wiki. Na majibu yale manne yakisafiri pamoja na picha hadi Nairobi, msomaji wa picha atajua anatafuta nini.

Kwa sasa majibu hayo unayabeba wewe mwenyewe. Yaandike kwenye karatasi kabla ya kwenda, na kama nyumbani kuna filamu ya zamani kwenye ile bahasha kubwa ya kahawia, iliyolala juu ya kabati tangu shangazi alipopelekwa hospitali, angalia jina. Kama ni yako, nenda nayo.